Niliandika "kawaida" kwenye eko ya mtoto wa shemeji, sasa nina shaka

Mshauri, shikamoo.

Nafanya kazi chumba cha ultrasound katika hospitali moja mkoani Lindi. Eko, yaani kuutazama moyo kwa ultrasound, nimeanza miaka mitatu iliyopita, baada ya mafunzo mafupi. Kwa wiki napima watu kumi hivi, wengi ni watu wazima wenye presha na miguu iliyovimba. Watoto huja mmoja mmoja.

Mwezi uliopita niliandikiwa kijana wa miaka 15, kidato cha pili, kilo 48. Mama yake ni dada wa mke wangu, kwa hiyo kijana ananiita baba mdogo. Ni winga wa timu ya shule. Alianguka uwanjani akiwa katikati ya mbio, hajaguswa na mtu. Waliokuwepo wanasema hakutupa mikono wala miguu, hakujikojolea, hakuuma ulimi. Alilala kimya kama nusu dakika, akaamka mwenyewe, akaomba maji. Malaria hakuna, sukari 5.4, damu 12.8. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya akiwa amelala ilikuwa safi. Daktari akaagiza eko.

Siku hiyo umeme ulikatika mara mbili, na nje walikuwa wamekaa wagonjwa saba. Probu, kile kifaa cha kushika kinachowekwa kifuani, tunayo moja tu, ya watu wazima. Nilipima chemba, kuta na vali: EF (asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo) 64, ukuta wa katikati milimita 8, hakuna tundu, hakuna maji kwenye mfuko wa moyo. Nilipofika kwenye mishipa ya korona, ile inayoulisha moyo wenyewe, wa kulia niliuona ukitoka kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Wa kushoto sikuuona, maana pafu lilikuwa linafunika kila akivuta pumzi. Nikajisemea nitaurudia mwishoni. Sikuurudia. Fomu yetu ya ripoti kwenye kompyuta imeshaandikwa sentensi za kawaida, unabadilisha tu panapohitajika, na mstari wa korona unasema vyanzo vyote viwili viko mahali pake. Sikuufuta. Nikachapa, nikasaini.

Kwa karatasi hiyo daktari alimwandikia kwamba anafaa kwa michezo. Shemeji alinipigia simu akishukuru, jioni akatuletea kuku.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafuta picha za zamani kwa sababu mashine imejaa, nikakutana na zake. Kwenye mkato mfupi, yaani moyo ukitazamwa kwa kukingama, usawa wa vali ya aota, kuna mstari mweusi mwembamba kati ya aota na ateri ya mapafu, kama mshipa unaoanzia mbele, karibu na unapoanzia ule wa kulia. Unaonekana kwenye klipu mbili kati ya tano. Rangi inayoonyesha damu ikipita sikuwasha hapo. Na upande wa kushoto, pale ulipotakiwa kuwepo mdomo wa mshipa, mdomo siuoni. Nilifundishwa kwamba mshipa wa kushoto ukitokea upande wa kulia na kupita katikati ya mishipa mikubwa unaweza kumwangusha kijana mchezoni asiamke tena. Nilifundishwa pia kwamba ultrasound huchora mistari isiyokuwepo.

Sasa wanajiandaa kwa kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na yeye amechaguliwa. Wazazi wake wamepeleka ufuta AMCOS, chama cha ushirika, fedha ya mnada wanaisubiri waezeke nyumba. Bima hawana. Nikisema nina shaka, bati zitageuka nauli ya Dar es Salaam. Na kama si kitu? Nikirekebisha ripoti, mganga mfawidhi ataniita. Mwenzangu kazini anasema kwa EF ya 64 na ECG safi, nilale usingizi. Mke wangu anataka nimvute kijana pembeni nimwambie aache mpira, basi, dada yake asishtuliwe. Nimekuwa nikijibu simu za shemeji kwa kifupi mpaka ameanza kuuliza kama ana kosa.

Nishauri.

Baba Mdogo, Lindi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake nimeona matatu: picha ile inaonyesha nini, kijana aishi vipi wiki hizi, na utasema nini kwa shemeji na kwa mfawidhi. Jinsi ulivyoyapanga, hayo mawili ya mwisho yanangoja la kwanza. Mpaka uwe na hakika kwamba kuna kasoro, huoni haki ya kufungua mdomo. Tukae hapo kwanza.

Kosa lililomo kwenye ripoti yako silo lile unalolihofia. Huenda mshipa wa kushoto wa kijana huyu uko mahali pake kabisa. Hata hivyo sentensi ile bado si ya kweli, kwa kuwa inasema umeona kitu ambacho hukukiona. Hiyo unaweza kuisahihisha leo bila kuthibitisha kasoro yoyote. "Sikuona" ni jibu halali la eko. Wapimaji wazoefu wenye probu za watoto huliandika pia, kwa sababu korona ni mishipa ya milimita 3 au 4 inayocheza na kila pigo, nyuma ya mbavu na pafu.

La pili: wewe na mwenzako mmeuweka mzigo wote kwenye picha, wakati kilichomleta kijana hospitali ni kuanguka. Anayezimia akiwa amesimama mstarini juani ni habari nyingine, na mara nyingi ni nyepesi. Anayezimia katikati ya mbio, ghafla, bila kujikwaa wala kugongwa, huhesabiwa kuwa na tatizo la moyo mpaka lithibitike vinginevyo. Hata mshipa ukionekana vizuri kabisa, bado kuna hitilafu za umeme wa moyo zinazotokea mtu akikimbia tu, na baadhi yake huacha ECG ya kitandani ikiwa safi. Rudini kwenye ile ECG mpime QT (muda wa umeme wa moyo kuanza pigo na kutulia) kwa rula, msitegemee namba iliyochapwa na mashine peke yake. Kwa hiyo karatasi ya kuruhusu michezo ilikuwa na udhaifu hata kabla ya mstari wako wa korona.

Mwenzako anakutuliza kwa nia njema, ila vitu alivyovishika havipimi jambo hili. Mshipa wa kushoto ukitokea mfuko wa kulia wa aota (kibonyeo kilichopo mwanzoni mwake), mara nyingi mdomo wake huwa mwembamba kama ufa badala ya kuwa duara, huanza kwa kona kali, na kipande chake cha kwanza kinaweza kupita ndani ya ukuta wenyewe wa aota. Mtu akitulia, damu inatosha. Akikimbia, moyo unadai damu nyingi zaidi, aota inatanuka kwa kila pigo, na kile kipande cha ukutani kinabanwa. Msuli unakosa damu kwa muda mfupi, mapigo yanavurugika, mtu anaanguka. Akiamka, hakuna alama. EF 64 ni moyo wa kijana aliyelala kwenye kitanda chako, na ECG vilevile. Hata kipimo cha kukimbia kwenye mashine kinaweza kutoka safi kwa mtu mwenye kasoro hii.

Nikugeuzie upande wa pili pia, usije ukamhukumu mtoto kwa mstari mweusi. Aina hii ya mshipa wa kushoto ni adimu sana, adimu kuliko ile ya wa kulia kutokea kushoto. Nafasi kati ya aota na ateri ya mapafu ina mikunjo ya mfuko wa moyo ambayo hujaa maji kidogo na kuonekana kama mfereji. Mwangwi nao hupotea pale miale inapokwenda sambamba na ukuta, likabaki pengo linalofanana na mdomo. Mstari unaoonekana kwenye klipu mbili kati ya tano, bila rangi, unaweza kuwa lolote kati ya hayo. Kuna mtego mwingine unaoelekea kinyume: kipande kinachopita ndani ya ukuta wa aota kinaweza kuchomoza upande wa kushoto, ukaapa kwamba mshipa umeanzia mahali pake sahihi. Ndiyo maana kuona mdomo peke yake hakutoshi. Mshipa unafuatwa mpaka unapogawanyika, na damu yake inaonwa ikipita.

Ukitaka kumrudia kwenye mashine hiyohiyo, jipe nusu saa asubuhi kabla foleni haijaanza. Mlaze ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, mbavu zifunguke. Unganisha waya za ECG za mashine, maana bila hizo hutajua uko kwenye kupiga au kupumzika kwa moyo, na korona hujaa hasa moyo unapopumzika. Panda nafasi moja ya ubavu juu ya pale ulipozoea. Mwambie atoe pumzi yote na ashikilie hapo sekunde tano, pafu litajiondoa lenyewe. Nadhani hiki ndicho kilichokukwamisha siku ile. Weka masafa ya probu juu kadiri yanavyoruhusu, punguza kina mpaka aota ijae katikati ya skrini, kisha kuza. Chukulia aota kama uso wa saa: wa kulia utafute karibu na namba 11, wa kushoto karibu na namba 4. Nasema namba iliyochapwa. Ukimwelekeza mwanafunzi kwa saa zetu za Kiswahili atakwenda upande wa pili, kwa kuwa saa nne yetu mshale uko kwenye 10. Ukipata mdomo wa kushoto, zungusha probu kidogo sana kufuata mwendo wa saa, mshipa ulale kwa urefu, uufuate mpaka uone matawi mawili.

Ndipo uwashe rangi. Mashine nyingi hutoka zimewekwa kipimo cha kasi karibu na sentimita 60 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo korona hazitoi rangi, na mtu anaandika "hakuna mtiririko" wakati upo. Shusha hadi kati ya 20 na 40, sanduku la rangi liwe dogo, punguza kichujio. Sasa utazame ule mstari wako moyo unapopumzika. Ukijaa rangi inayoufuata urefu wake, kwenye zaidi ya pembe moja, ni mshipa. Ukibaki mweusi kwa mipangilio hiyo, uwezekano kwamba ni mkunjo unapanda. Hifadhi klipu za mapigo matatu hadi matano, zenye rangi na zisizo na rangi.

Hatari ya njia hii uijue pia. Probu yako ni ya watu wazima, na wewe ni baba mdogo unayetamani kuona mdomo kwenye namba 4. Jicho linalotamani huona. Ukiupata vizuri, hilo halitaondoa ukweli kwamba alianguka uwanjani. Usipoupata, utarudi palepale ulipo leo, ila siku kadhaa zitakuwa zimepita.

Njia nyingine ni kumpeleka kwa mpimaji mwingine. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mtwara, kutoka Lindi mjini ni kama kilometa 100 na kidogo, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Pigeni simu kwanza muulize mambo mawili: kama yupo wa kupima eko ya vijana wiki hiyo, na kama CT scan yao inapiga mishipa ya moyo kwa kufuata mapigo. Mashine kuwepo na kipimo hicho kufanyika ni vitu viwili. Njia ndefu ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, karibu kilometa 450. Ni gharama kubwa zaidi, ila huko daktari wa moyo wa watoto, eko na upasuaji viko chini ya paa moja, na hamtasafiri mara mbili kama jibu la Mtwara litakuwa "nendeni Dar". Wataalamu wa taasisi hiyo hutoka pia kwa kambi mikoani. Hilo linapunguza gharama, lakini kambi ina tarehe yake, na kijana aliyekwisha kuanguka mara moja anangoja kwa hatari.

CT ndiyo inayomaliza ubishi kuhusu chanzo na njia ya mshipa. Waelezeni mapema: atapimwa krietinini (kipimo cha damu cha figo), atawekewa kanula na kuchomwa kontrasti, dawa ya kuing'arisha mishipa kwenye picha, atasikia joto mwilini kwa sekunde chache, atabana pumzi. Aseme kama ana pumu au mzio. Anaweza kupewa dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ili picha isitikisike. Mionzi ipo, na ndiyo sababu hakipimwi kila mtoto. Kwa huyu, kuanguka kwake kunakipa kipimo uzito. Nendeni na klipu zako kwenye flashi kama zilivyotoka kwenye mashine. Video ya simu iliyopigwa mbele ya skrini haitamsaidia daktari kupima chochote, kwa hiyo usifute kitu.

Shauri la mkeo lina huruma, na naelewa linatoka wapi, ni dada yake. Ila lifuate mpaka mwisho wake. Kijana wa miaka 15 anaambiwa na baba mdogo aache mpira, sababu haambiwi, na shuleni kuna karatasi yenye mhuri inayosema anafaa. Mwalimu wa michezo atashika karatasi. Jioni watacheza chandimu nyuma ya nyumba bila mtu mzima hata mmoja. Na siku akianguka tena, shemeji atagundua kwamba wewe na mdogo wake mlikuwa mnajua. Ukimya unaotaka kumlinda nao ndio huo ulioanza kumfanya aulize kosa lake ni nini.

Upande mmoja sitauzungushia maneno: mpaka majibu yapatikane, mbio, mechi na mazoezi vikae pembeni, na karatasi ile ya ruhusa ibatilishwe na daktari aliyeiandika. Kutembea kwenda shule hakuna neno. Kubeba magunia, mwulizeni daktari. Mwalimu naye aambiwe kwamba akianguka asimwagiwe maji wala kunusishwa kitunguu. Kama haitiki na hapumui kawaida, wampigie mtu wa gari huku mwingine anakandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha.

Kuhusu mfawidhi, umeshaiona meza yake tayari na wewe umesimama mbele yake. Inawezekana. Sina njia ya kukuhakikishia kwamba hatakasirika. Jiulize tu ni lipi jepesi kulieleza: mpimaji aliyerudia picha zake akaongeza marekebisho yenye tarehe na saini, au ripoti iliyoachwa baada ya shaka kujulikana. Ripoti ya kwanza usiifute kwenye mfumo. Andika nyongeza fupi, kwa mfano: "Baada ya kupitia picha upya, chanzo cha mshipa wa korona wa kushoto hakikuonekana vya kutosha, hakiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kwa kuwa mgonjwa alizimia akikimbia, inashauriwa apate rufaa kwa daktari wa moyo." Mpelekee daktari aliyeagiza eko mkononi, kabla haijafika kwa mtu mwingine. Ukipata nafasi, taja na ile fomu yenye sentensi zilizoandikwa tangu mwanzo. Mstari wa korona ungekuwa mtupu, usingesaini. Kutaja hilo hakukuondolei sehemu yako, ila kuna wagonjwa wengine waliopita kwenye fomu hiyohiyo.

Shemeji nenda kwake na mkeo, msimwite kwenu wala kumwambia kwa simu. Huku kusini mjomba ana sauti juu ya mtoto wa dada yake. Kama kwao iko hivyo, awepo tangu mwanzo, asije akasikia habari nusu akasimamisha safari. Neno "korona" liweke pembeni, atakumbuka barakoa za 2020. Sema "mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe". Unaweza kuanza hivi: "Dada, ile karatasi niliyokupa, kuna sehemu moja niliandika nimeiona, na sikuiona. Sijui kama ni mbaya. Kwa sababu alianguka akikimbia, nataka aonwe na mwenye mashine bora." Kisha unyamaze, umwache aulize. Huenda akakulaumu. Huenda mtu mwingine chumbani akasema ni kifafa, au ni mambo ya kienyeji. Hapo si pahala pa kubishana, la muhimu ni mbio zisimame na tarehe ya safari itajwe.

Fedha ya ufuta ni yao, na wao ndio watakaochagua kati ya Mtwara kwanza na Dar moja kwa moja. Wewe wape bei halisi kabla hawajaamua: nauli ya watu wawili, eko, kipimo cha damu, CT, siku za kulala. Piga simu uulize wewe, unajua nani wa kumtafuta. Kama una uwezo wa kuchangia nauli, hilo mlimalize na mkeo kabla hamjatoka nyumbani. Ustawi wa jamii hospitalini nao waulizwe kuhusu msamaha wa gharama, wasisubiri mpaka siku ya kulipa.

Na kijana awepo, angalau sehemu ya mwisho. Swali lake litakuwa moja, kama atacheza tena. Msimwahidi na msimkatalie. Ikionekana mshipa uko sawa na umeme wa moyo uko sawa, anaweza kurudi. Ukionekana umepita katikati, kwa aliyekwisha kuzimia madaktari wengi huelekea kwenye upasuaji wa kuufungulia mdomo, na wapo wanaorudi uwanjani miezi mitatu au zaidi baadaye, baada ya kupimwa upya wakiwa wanakimbia. UMISSETA ya mwaka huu mwambieni imempita.